Kebo ya kibao cha duka: watu wanavyodhani na ilivyo

Pita Digo Road, Mombasa, uangalie juu, utaona kibao cha duka kimetokezea, chuma kimelala kimeshikwa ukutani na bawaba na kebo imekivuta kwa juu mshazari. Hilo ndo swali la mtihani wa fizikia lenyewe, na wengi hawaangushwi na hesabu, huangushwa na yale waliyoamini kabla hata ya kushika kalamu.

Tuseme chuma ni mita 4, uzito wake nyutoni 200, kibao cha nyutoni 300 kiko nchani, na kebo imefungwa hapo hapo nchani kwa pembe ya digrii 30 na chuma.

"Mzigo wote ni 500, kebo itavutaje zaidi ya 500?" Itavuta, tena sana. Piga momenti (nguvu mara umbali wake) kwenye bawaba: chuma 200 mara 2 (uzito wake uko katikati bwana, sio nchani), kibao 300 mara 4, jumla 1,600. Upande wa kebo ni tensheni (nguvu ambayo kebo inavuta) mara 4 mara sini ya 30 ambayo ni nusu, kwa hivyo tensheni ni 800. Kebo ikiwa mshazari kiasi hicho ni nusu tu ya nguvu yake inayoinua, na sehemu yake ya ulalo inakandamiza chuma ukutani. Ilaze mpaka digrii 15 uone, inaruka hadi kama 1,545! Ndo maana fundi mjuzi huifunga kebo juu kabisa, ukuta ukimruhusu.

"Bawaba husukuma kufuata chuma." Ni kweli pale tu chuma kikichukuliwa hakina uzito na mzigo wote uko nchani. Hapa bawaba inasukuma 693 kwa ulalo (800 mara kosini ya 30), na pia inainua 100, kwa sababu kebo imeinua 400 tu kati ya zile 500.

"Lazima momenti zipigwe kwenye bawaba." Nani kasema? Popote pale sawa, bawaba tunaipenda kwa vile kani (nguvu) zake tusizozijua zinapotea. Hebu piga nchani, kebo na kibao vinatoka kwenye hesabu, bawaba mara 4 ni sawa na 200 mara 2, unapata 100 ile ile. Mimi hii ndo naona njia tamu kuliko zote ya kuhakikisha jibu na watu hawaitumii.

Kuna wanaoishia kwenye kani, ati zikijumlika sifuri basi kitu kimetulia. Shika usukani wa matatu, mkono mmoja vuta juu mwengine chini kwa nguvu sawa, jumla ni sifuri na usukani unazunguka vizuri tu.

Pembe nayo, soma swali: ikitajwa pembe ya kebo na ukuta, sini inakuwa kosini. Na tensheni ikitoka hasi usiifute ile alama kimya kimya, kebo haijui kusukuma, ni ama umekosea alama mahali au chuma hicho hakisimami hivyo.