Nyumba ya mchungaji ughaibuni: mwaka wetu Wuppertal

Familia za watumishi zinazojiandaa kwenda Ujerumani huniuliza kwanza habari za baridi, kisha lugha. Baridi dawa yake ni koti zito, na lugha ina darasa lake. Mimi hupenda kuanza na jambo lisiloulizwa: kule hakuna anayepiga hodi kwa mchungaji. Hilo linabadilisha utumishi wa familia nzima, na anayeguswa zaidi ni mama.

Kwanza, tulifikaje huko. Wamisionari wa Bethel, chama cha misheni cha Wajerumani, walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, na Bukoba mwaka 1910. Kwa miaka mingi safari ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1996 UEM (United Evangelical Mission), shirika lililorithi kazi ya Bethel na ambalo ofisi yake kuu iko mjini Wuppertal, Ujerumani, iliacha kuwa misheni ya Wajerumani peke yao, ikawa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani. Katika ushirika huo mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) anaweza kutumwa Ujerumani kufanya kazi ya usharika: kuhubiri, kufundisha kipaimara, kuzika, kutembelea wazee. Hatumwi kama mgeni wa kupigiwa makofi na kuombwa aimbe.

Nyumbani kwetu mnajua ilivyo. Kabla jua halijachomoza mzee wa kanisa yuko kibarazani. Wanandoa waliogombana usiku wanakuja asubuhi, kila mmoja na njia yake. Mwanakwaya amekosa nauli, mgeni wa jimbo amefika bila taarifa. Mama mchungaji anaongeza maji kwenye sufuria ya chai, na hapo jikoni ndipo anapojua nani anaumwa, binti gani kaacha shule, mjane yupi analala njaa. Kazi hiyo haiandikwi kwenye taarifa ya usharika, lakini ikikoma wiki moja tu, usharika mzima unajua.

Wuppertal, mtu mwenye shida anapiga simu ofisi ya usharika. Katibu anafungua kalenda na kutoa miadi: Jumatano ijayo, saa tisa na nusu. Msilichukulie jambo hili kuwa ukosefu wa upendo. Kwao nyumba ya mtu ni mahali pake pa kupumzika, na kumwachia nafasi ni heshima. Wazee wa baraza walijua siku yangu ya mapumziko kuliko nilivyoijua mimi, na hawakukubali kunipigia simu siku hiyo hata kwa jambo dogo. Walikuwa wananilinda, na ninawashukuru.

Basi mimi kazi niliikuta mlangoni. Mke wangu hakukuta kitu. Alikuwa ameongoza akina mama wa usharika wetu; kule akawa mke wa mchungaji kutoka Tanzania, anasalimiwa vizuri Jumapili, na basi. Jumatatu asubuhi watoto wako shule, mimi niko ofisini, yeye yuko na jiko safi na nyumba isiyobishwa hodi. Miezi ile ya kwanza alikunywa chai peke yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu nimwoe. Nimezungumza na familia nyingi zilizorudi kutoka Ulaya, na karibu zote zina simulizi hii, ingawa huisimulia baada ya kumaliza habari za theluji.

Mambo yalibadilika Novemba. Kule Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, ni ya kuwakumbuka marehemu; Mfalme Friedrich Wilhelm III aliiweka kwa makanisa ya Prussia, dola la zamani la Wajerumani, mwaka 1816. Yanasomwa majina ya wote waliozikwa na usharika mwaka ule, na kila jina linawashiwa mshumaa. Mazishi yenyewe ni ya kimya. Mtu akifa inaweza kupita wiki nzima au zaidi kabla ya kuzikwa, wengi huchomwa na kinachozikwa ni chombo cha majivu, na baada ya kahawa na keki kila mtu anakwenda kwake. Hakuna turubai, hakuna wa kulala msibani. Nilipomweleza mke wangu habari za bibi mmoja niliyemzikia mumewe, aliniuliza swali moja tu: "Sasa usiku huu nani yuko naye?" Nikamwambia hakuna, watoto wake wanaishi mbali na wamerudi kazini. Akasema, "Mpigie aje ale."

Nikampigia, tukapanga siku na saa kwa utaratibu wao. Alifika saa tisa kamili, kashika maua. Mke wangu alikuwa amepika pilau. Iliki na bizari alizipata duka la Waturuki, mchele alikuwa ameuchambua kwenye sinia kama yuko nyumbani ingawa haukuwa na hata jiwe moja. Kijerumani chake kilikuwa cha darasani: mume, miaka mingapi, kula zaidi. Kilitosha. Bibi alitoa picha za harusi kwenye mkoba akazipanga mezani pembeni ya sahani, moja moja, na mke wangu akawa anauliza kila picha: huyu nani, hapa wapi. Saa kumi na nusu giza likaingia, maana Novemba kule ndivyo ilivyo, na hakuna aliyenyanyuka kuondoka.

Alirudi tena, safari hiyo na jirani yake mjane. Baada ya Mwaka Mpya baraza la usharika likaweka chakula cha Alhamisi kwenye kalenda, na kwa kuwa kilikuwa kwenye kalenda, watu walikuja bila wasiwasi. Hapo nilijifunza jinsi nyumba inavyofunguliwa Ujerumani: unaalika kwa siku na saa, unatimiza, unarudia. Ukikaa kusubiri hodi utasubiri mpaka mkataba uishe.

Kuhusu watoto nitasema machache. Mdogo wetu alianza darasa la kwanza, akapewa ule mfuko mkubwa wa karatasi wenye umbo la pia, uliojaa peremende na penseli, ambao kila mtoto wa Kijerumani huubeba siku ya kwanza, na kabla ya hapo kulikuwa na ibada ya kuwabariki. Watoto wenu watawapita ninyi kwa lugha, tena mapema. Msiwageuze wakalimani wa barua za serikali wala wa chumba cha daktari. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kuwa wa kwanza kujua majibu ya vipimo vya mama yake. Sisi tulishika Kiswahili mezani na kwenye sala ya jioni. Pasaka ilipofika mdogo akawa anasali Kijerumani, tukaitikia amina vilevile. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo nunueni mapazia mazito, la sivyo hakuna atakayelala.

Kuhusu fedha, ndugu nyumbani watauliza mbona kanisa la Ulaya halina mnada wa kuku na miwa. Washarika kule wanakatwa kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato: asilimia 9 ya kodi hiyo, au 8 kwa Bavaria na Baden-Württemberg. Mishahara na majengo yanategemea hapo, na sadaka ya Jumapili mara nyingi ina shabaha yake maalumu. Wanaojitoa kanisani ni wengi, na kodi inakoma nao. Mjiandae kuwasikia wazee wa kanisa wakijadili jengo lipi liuzwe, na msiwahubirie kana kwamba hawaombi.

Kwa familia zinazoondoka sasa, nashauri hili wakati wa kuzungumzia mkataba, kabla ya tiketi. Usharika mwenyeji uandike kozi ya lugha ya mama kwa saa zilezile za baba, na nani atakaa na watoto. Uulizeni kama kibali cha ukaazi cha mama kinamruhusu kufanya kazi au la. Ombeni pia jina la mtu mmoja wa baraza ambaye atamtembeza yeye, siyo mchungaji, miezi ya kwanza. Na kwenye mizigo wekeni sufuria kubwa, kwa sababu zile mtakazozikuta kwenye nyumba ya usharika ni za watu wanne.