Payara si mumiani

Juzi mpwa wangu aliyeko Dubai kanitumia video ya samaki wake mpya. "Mjomba, huyu ndiye yule samaki mumiani," anasema, na pembeni ya tangi naona sahani ya maini ya ng'ombe yanachuruzika damu. Mwaka huu hii ni mara ya tatu nasikia payara akisingiziwa kunyonya damu, na safari hii imetoka ndani ya ukoo.

Maana yenyewe haina mambo mengi. "Samaki vampaya" ni jina la biashara la payara, hasa Hydrolycus scomberoides na nduguye mkubwa Hydrolycus armatus, samaki wa mito ya Amazon na Orinoco. Taya lake la chini limeota chonge mbili ndefu mno, hata taya la juu lina matundu mawili ya kuzipokea anapofumba mdomo. Humchoma samaki mwenzake kwa chonge hizo, akamgeuza, akammeza mzima. Damu haimhusu.

Jina ndilo lenye kesi. Neno vampaya limetoka kwa Waslavi, likaenea Ulaya Magharibi baada ya hofu iliyozuka Serbia miaka ya 1720 na 1730, watu walipofukua makaburi wakitafuta wafu wanaonyonya walio hai. Muda si mrefu likabandikwa kwa popo wa Amerika, na hapo ndipo kosa lilipoanza, kabla payara hajaguswa. Popo mkubwa kuliko wote wa bara hilo anaitwa Vampyrum spectrum. Anakula ndege na panya. Hanywi damu hata tone. Anayekunywa ni popo mwingine, mdogo, Desmodus. Kwa hiyo aliyempa payara jina hili alifuata desturi ile ile: ukiona meno, sema damu.

Sisi nasi tukatia letu. Mumiani ni neno la Kiajemi, lina undugu na "mum", yaani nta, na zamani huku pwani lilikuwa jina la dawa: kitu cheusi kama utomvu, kikiletwa kutoka Uajemi, cha kutibu mifupa iliyovunjika. Watu wakashuku kwamba dawa yenyewe ni damu ya binadamu iliyoganda, na kutoka kwenye dawa neno likahamia kwa mtu anayeitafuta hiyo damu. Enzi za mkoloni wazimamoto wenyewe walituhumiwa. Neno lenye historia nzito kiasi hicho leo anabebeshwa samaki wa Venezuela!

Wataalamu waliomtazama payara kwa makini waliona mbwa. Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, alipomwandika mwaka 1819, alimweka kundi moja na samaki wenye meno wa Afrika, wale wanaojulikana na wavuvi wa Kongo na Ziwa Tanganyika, ambao jina lao la Kigiriki ni "mbwa wa maji". Mwaka 1844 Müller na Troschel wakamtenga na kumwita Hydrolycus, mbwa mwitu wa maji. Jina la familia yake maana yake ni meno ya mbwa. Wabrazili humwita cachorra, na hilo nalo ni mbwa jike.

Samaki anayenyonya damu yupo kweli, na yupo Amazon hiyo hiyo: kandiru, kisamaki chembamba kinachojipenyeza kwenye matamvua ya samaki wakubwa, kikashiba, kikatoka. Huyo ni kimelea. Payara ni mwindaji. Tofauti hii si ya kamusi tu, kwa sababu ndiyo inayoamua kama samaki wako atafika mwakani.

Mwindaji huyu amezoea maporomoko: maji ya kasi, safi, yenye oksijeni tele. Ukimtumbukizia maini, damu na mafuta vinachafua maji, amonia, sumu ya uchafu unaooza, inapanda, naye hagusi. Mpe kwanza samaki hai, kisha umzoeshe taratibu vipande vya samaki na kamba. Usimlishe goldfish kila siku kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Miili yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na payara anayeishi kwa hao hudhoofika. Ukiwasha taa ghafla usiku anafyatuka na kugonga kioo, chonge inakatika. Inaota tena, lakini siku hizo huenda asile.

Halafu kuna suala la kukua. Karibu wote wanaouzwa wamevuliwa mtoni, wadogo, urefu wa kiganja. Wafugaji wengi wanalia na scomberoides kwamba hufa bila kuvuka sana sentimita 30. Armatus ana afadhali, ila huyo mtoni huweza kukaribia mita moja, na sebule ya kumtosha mimi bado sijaiona.

Mpwa wangu kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza, "Sasa nimwite nani, mjomba?" Mwite payara, jina la huko kwao. Wageni wakitaka Kiswahili, waambie ni samaki mwenye chonge. Neno tunalo, na ni la meno ya mbwa vile vile. Jioni kanitumia picha nyingine. Yale maini yalikuwa kwenye kikaango, na vitunguu.