Kutia Dari Nakshi katika Hewa ya Pwani

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Chumbageni, hapa Tanga, kutazama dari ya sebule ambayo nakshi zake zilianza kudondoka vipande vipande mara masika yalipokolea. Mwenye nyumba aliamini kwamba plasta ya jipsamu ilikuwa mbovu. Nilipookota kipande na kukigeuza, nilikuta mgongo wake umejaa unga mweupe: fundi aliyetangulia alikuwa amepaka juu ya chokaa ya zamani bila kuikwangua, kwa hiyo plasta ilishika chokaa, lakini chokaa yenyewe haikushika dari. Ndiyo maana kabla ya kujadili nakshi na mteja yeyote hupitisha kwanza kiganja juu ya dari yake, na kikitoka na unga, kazi huanza kwa kukwangua, kuosha, kuacha ikauke na kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha plasta.

Dari ya bodi za asbesto, ambazo bado zimo katika baadhi ya nyumba za zamani, haikwanguliwi wala kupigwa msasa hata kidogo, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Bodi mpya za jipsamu nazo zinahitaji praima. Karatasi ya bodi hunywa maji kwa kasi tofauti na viungo vilivyozibwa kwa mkanda na puti, na tofauti hiyo hujitokeza baadaye kama mistari inayoonekana chini ya rangi. Aina ya misumari pia ina umuhimu wake: misumari ya kawaida hupata kutu upesi katika hewa yetu ya chumvi na kutoa madoa ya kahawia, hivyo mimi hutumia skrubu zisizoshika kutu. Kumbuka vilevile uzito. Plasta mbichi yenye unene wa milimita 2 huongeza takribani kilo 3 kwa kila mita moja ya mraba, na bodi iliyokwisha kulegea haitaubeba mzigo huo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni uchanganyaji, kwa sababu hapo ndipo nakshi hufaulu au huharibika. Unga humwagwa ndani ya maji, si maji juu ya unga, kisha mchanganyiko huachwa dakika chache unywe maji na kukorogwa tena hadi uwe mzito kama uji wa mgonjwa uliopoa, unaobaki kwenye mwiko unapouinamisha. Ukiwa mwepesi, ncha za nakshi hulala. Ukiwa mzito mno, rola huung'oa. Mtu mmoja hutandaza na mwingine humfuata akigonga kwa rola ya sifongo au brashi pana, bila kuacha ukingo ukauke, kwa kuwa kiungo kati ya sehemu kavu na mbichi hakifichiki. Feni izimwe wakati wote huo, jambo ambalo wenye nyumba hulipinga sana wakati wa joto la kaskazi, lakini upepo wake hukausha uso kabla ya ndani. Mng'ao wa maji ukishafifia, pitisha bapa pana kwa wepesi ili ncha kali zivunjike. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bodi, ukiinue juu karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wa ubavuni hukuza kila mchirizi.

Jikoni siwashauri watu kutia nakshi. Mafuta na masizi hukaa katika mashimo yake na kitambaa hakiyafikii. Bafuni nako, mvuke huilainisha jipsamu.

Rangi ya maji isiyong'aa ndiyo inayofaa, na isipakwe kabla ya saa 24 kupita. Wakati wa masika mimi husubiri siku tatu. Tumia rola yenye manyoya marefu na koti mbili nyepesi, ukielekea upande mmoja tu katika koti ya kwanza, kwa maana plasta iliyoloweshwa upya hung'oka ikisuguliwa.