Uporaji wa sanaa chini ya ukaliaji wa kijeshi ni nini?

Jeshi la kigeni likishika eneo na kulitawala bila ridhaa ya wenyewe, eneo hilo huhesabiwa kuwa limekaliwa. Picha, sanamu na vitu vya kale vilivyomo katika makumbusho yake havigeuki kuwa mali ya jeshi hilo, hata kama askari ndio wanaoshika funguo. Wakivibeba, wamepora. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, kifungu cha 56, zilikwisha kukataza kunyakua au kuharibu kazi za sanaa, zikaagiza mali ya taasisi za sanaa ihesabiwe kama mali ya mtu binafsi hata ikiwa ni ya serikali.

Shida ni kwamba mporaji hasemi amepora. Husema amehamisha vitu ili kuviokoa.

Ndivyo ilivyosemwa kuhusu Makumbusho ya Sanaa ya Kherson, kusini mwa Ukraine. Majeshi ya Urusi yaliukalia mji huo tangu Machi 2022. Wafanyakazi waliwaambia wakaliaji kwamba hazina ya makumbusho ilikuwa imeshaondolewa kwa sababu ya ukarabati, kumbe ilikuwa imefichwa humohumo ndani ya jengo. Siri ilivuja. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, siku chache tu kabla majeshi hayo hayajaondoka mjini tarehe 11 Novemba, maelfu ya kazi za sanaa yalipakiwa kwenye malori na kupelekwa Simferopol, katika rasi ya Crimea ambayo Urusi inaikalia tangu 2014. Makumbusho inakadiria kupoteza zaidi ya kazi 10,000 kati ya takribani 14,000 ilizokuwa nazo.

Je, kuhamisha vitu kutoka mahali penye mapigano si jambo jema? Huweza kuwa jema, na makumbusho mengi huhamisha hazina zao vita vinapokaribia. Lakini Mkataba wa The Hague wa 1954 unamtaka mkaliaji ashirikiane na mamlaka za nchi yenyewe katika kulinda mali ya kitamaduni, na Itifaki ya Kwanza ya mwaka huohuo inamtaka azuie mali hiyo isitoke katika eneo alilolikalia. Ikitoka, irudishwe vita vikiisha, wala isizuiwe kamwe kama fidia ya vita. Urusi na Ukraine zote zimefungwa na hati hizo mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia “tumeilinda”, muulize ni nani aliyeamua iondoke, na wenyewe watarudishiwa lini. Kwa Kherson, wenyewe hawakuulizwa.

Urusi ilikuwa na hoja nyingine: Septemba 2022 ilitangaza kwamba mkoa wa Kherson umekuwa sehemu yake. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliikataa hatua hiyo mwezi uliofuata kwa kura 143 dhidi ya 5. Kutangaza eneo kuwa lako hakufuti ukaliaji, wala hakubadilishi mwenye picha.

Kurudishwa kunawezekana. Mwaka 1990 Iraki ilipoivamia Kuwait, hazina ya sanaa ya Kiislamu iliyokuwa katika Makumbusho ya Taifa ilibebwa hadi Baghdad. Baada ya vita, sehemu kubwa ilirudi chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Iraki ilikuwa imeshindwa vitani, na Baraza la Usalama lilikuwa limeiamuru irudishe mali. Bila nguvu kama hiyo, kinachobaki mkononi mwa aliyeporwa ni kumbukumbu zake: namba ya kila kitu, vipimo, picha, mhuri wa nyuma ya turubai. Naona hapa ndipo watu wengi hawatilii maanani inavyostahili. Huko Paris, chini ya ukaliaji wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rose Valland alikuwa mfanyakazi wa Jeu de Paume, jumba la makumbusho lililogeuzwa kituo cha kupitishia sanaa zilizoporwa, hasa kutoka kwa familia za Kiyahudi. Aliandika kwa siri kila alichoweza kuhusu vilivyopita na vilikopelekwa, na maandishi yake yalisaidia maelfu ya vitu kupatikana.

Wafanyakazi wa Kherson wanafanya kazi ya jinsi hiyo sasa. Nakala ya kidijitali ya rejesta yao ilisalimika. Wamechambua picha na video zilizopigwa ndani ya makumbusho ya Simferopol, wakilinganisha fremu na rangi na rejesta, na wamekwisha kutambua zaidi ya kazi 100 kwa majina.