Je, wajua? Kuku mwenye taifodi hakupi taifodi, wa kumwogopa ni yule anayetaga vizuri

Kuku wangu wa mayai walianza kufa mwezi wa saba pale Uyole, baridi lile la Mbeya la kuamkia jiko la mkaa. Asubuhi unamkuta kuku amesinzia kwenye kona ya banda, kishungi kimepauka, kinyesi cha njano inayoelekea kijani, jioni unabeba mzoga. Mi nikajua mdondo. Bwana mifugo akapasua mmoja, akanionyesha ini limevimba na limegeuka rangi ya shaba, akasema hii ni taifodi ya kuku.

Hapo nikapiga hesabu ya haraka, taifodi si ni taifodi, nikabeba familia nzima tukapimwe na mimi nikaambiwa ninayo. Basi nikawa mhubiri, kila niliyekutana naye mpaka sokoni Mwanjelwa nilimwambia kuku wameniambukiza, na mayai tukahamia kwa jirani ambaye kuku wake walikuwa wananawiri, tukawa tunayanywa mabichi na asali kwa ajili ya kifua.

Nilikosea karibu kila kitu, na sehemu ya jirani ndo mbaya kuliko zote.

Taifodi zote mbili, ya kuku na ya kwetu, zinaletwa na bakteria wa kundi linaloitwa Salmonella. Jina hilo halihusiani na yule samaki anayeitwa salmon, limetokana na Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyeipata kwenye nguruwe mwaka 1885 alikuwa msaidizi wake Theobald Smith (bosi akachukua jina, mambo ya ofisini hayo). Ziko aina zaidi ya 2,500 ila hapa tunazihitaji tatu tu. Typhi ndo ya taifodi yetu na inaishi kwa binadamu peke yake, yaani ukiumwa taifodi jua kuna choo cha mtu kimefika kwenye maji au chakula chako, kuku hayumo kabisa. Gallinarum ndo iliyomaliza banda langu, hiyo ni ya ndege, na binadamu kuugua kwa sababu yake ni nadra sana. Ya tatu ni Enteritidis, hii haichagui, inaingia kwa kuku, panya, ng'ombe na wewe.

Sasa mbona kipimo kilisema ninayo? Kipimo chenyewe kilikuwa Widal, kile cha kuchukua damu kidogo na jibu unapewa siku hiyohiyo. Widal haimtafuti mdudu, inatafuta kingamwili ambazo mwili wako uliwahi kumtengenezea. Na hao watatu nje wamevaa vitu vinavyofanana, ni kama shule tatu zenye sweta la rangi moja, ukimuuliza mlinzi wa geti nani alipita atakujibu "mwenye sweta la kijani". Kwa hiyo jibu langu lingeweza kuwa taifodi kweli, au ya zamani iliyoshapona, au salmonella nyingine kabisa. Wa kumtaja mwenye sweta kwa jina ni kuotesha damu maabara, kunakochukua siku kadhaa, na hata huko mdudu wakati mwingine anakosekana.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Gallinarum na Enteritidis ni ndugu wa karibu mno, ukisoma jeni zao inaonekana Gallinarum ilitokana na babu aliyefanana na Enteritidis, halafu ikaharibikiwa na mamia ya jeni. Unaweza kudhani aliyeharibikiwa ndo dhaifu. Wapi! Chukua wezi wawili wanaingia nyumba moja usiku. Enteritidis ana vijimkia vya kuogelea, na utumbo wa kuku unavitambua haraka, sawa na mwizi aliyevaa kandambili, pa pa pa uani, mbwa wanabweka, wenye nyumba wanaamka na kufunga mlango wa ndani. Anabaki uani. Ila hafukuzwi, anakaa uani wiki na wiki akila makombo, kuku mwenyewe anakula, anataga, anang'aa. Gallinarum hana vijimkia, amekuja pekupeku. Hakuna anayebweka, anapita moja kwa moja mpaka chumbani, yaani kwenye ini na wengu, na ndo unapata lile ini la shaba. Zile jeni nyingine zilizoharibika ni kama funguo za nyumba za watu wengine alizozitupa njiani, huyu anajua nyumba ya kuku tu, kwako hana pa kuingilia. Mfano wa kandambili hauelezi yote, vijimkia ni sababu mojawapo tu, halafu vifaranga wadogo wanaweza kufa hata na Enteritidis.

Kwa hiyo wa kukuumiza ni yule wa uani. Tena wakati mwingine anapenya mpaka kwenye mfuko wa mayai, anaingia ndani ya yai kabla ganda halijafungwa, hata uoshe au usugue ganda hamna kitu. Ute unamchelewesha kwa kufungia madini ya chuma anayoyahitaji, lakini yai likikaa siku nyingi kwenye joto utando wa kiini unalegea na kwenye kiini kuna kila kitu. Ukila bichi, kati ya masaa 6 na siku 3 unaanza kuharisha, homa, tumbo linakata. Mtu mzima mara nyingi anapona ndani ya wiki moja. Kwa mtoto mdogo mwenye malaria au utapiamlo, au mtu mwenye VVU, mdudu anaweza kuingia kwenye damu, na hiyo inaua. Ila kwa Afrika haijathibitika kwamba hao wa kwenye damu wanatoka kwa mifugo, kuna dalili kwamba wengine wanapita mtu kwa mtu.

Na isije ikaonekana nimeruhusu mtu achinje kuku mgonjwa amle kisa Gallinarum haimuwezi, kwa macho huwezi kujua anaumwa nini, na dawa aliyonyweshwa jana bado imo mwilini.

Kwa jirani bado nanunua, trei moja kila wiki, kuku wake wananawiri vilevile. Yale ya asali tuliacha. Kwenye chips mayai namwambia kijana ageuze mpaka kiini kikauke kabisa, ananiangalia kama namharibia zege lake.