Lava ya Nyiragongo itapita wapi? Namna hesabu zinavyojibu

Mimina mawese ya moto juu ya jiwe la lava uani kwako. Yatafuata mteremko, yatajaza vishimo, na yakipoa yataganda yalipofika. Hesabu zetu za kompyuta kuhusu Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wa Goma, Kongo, zinaanzia hapo hapo: kitu kinachotiririka, ardhi iliyoinama na joto linalopotea njiani.

Kanuni zenyewe za vitu vinavyotiririka ni za zamani. Claude-Louis Navier wa Ufaransa aliziandika mwaka 1822, na George Gabriel Stokes akaziimarisha mwaka 1845. Kwa kalamu, hakuna awezaye kuzikokotoa kwa mlima mzima. Kwa hiyo tunaigawa ardhi katika viraba vidogo, kila kimoja na kimo chake kilichopimwa kwa setilaiti, kisha kompyuta inakiuliza kila kiraba: jirani yako gani yuko chini zaidi? Unampa lava kiasi gani? Umebaki na joto gani? Halafu inauliza tena, na tena.

Lava yetu ina silika kidogo, ile inayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo mnato wake ni mdogo sana: hutiririka upesi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la kreta, yaani shimo la kileleni, lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko ya juu mwendo unakadiriwa ulifika kilomita 60 kwa saa. Ukichukua vipimo vya mlima ambao lava yake hutambaa, kompyuta itawapa watu saa ambazo hawana. Kosa hilo linaua.

Swali ninaloulizwa kila nikionyesha ramani ni moja: “Mwalimu, kartie yetu (mtaa wetu) itaguswa?” Hesabu hujibu kwa neno “ikiwa”. Ikiwa ufa utafunguka hapa, lava itapita pale. Lakini ufa hauchagui mahali pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka ubavu wa kusini hadi upande wa Munigi. Lava ikakata katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ndiyo maana tunarudia hesabu mara maelfu, kila mara tukianzia mahali tofauti, na kuhesabu kila kiraba kimeguswa mara ngapi. Rangi nyekundu kwenye ramani ndiyo hesabu hiyo. Haisemi moto utakuja mwaka huu.

Ramani pia huzeeka. Lava ya jana ikishaganda ni kilima kipya, na ya kesho itakizunguka. Ramani iliyotumia vimo vya kabla ya 2021 siikubali tena kwa upande wa Buhene.

Kanuni hizo hizo zinaeleza mazuku, yaani mabonde na mashimo yanayojaa gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini. Kaboni dioksidi ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo usiku usio na upepo hutelemka kama maji na kutuama mabondeni, hasa upande wa barabara ya Sake. Haionekani wala hainuki. Jua likipasha ardhi na upepo ukaamka, gesi huchanganyika na hewa na kupungua. Kwa hiyo shimo lililoua mbuzi alfajiri laweza kuonekana salama saa sita mchana, na usiku likajaa tena. Mtoto asilazwe humo, hata kwa usingizi mfupi.