Kuzimua Rangi za Akriliki kwa Modeli za Plastiki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba rangi ya akriliki ni rangi ya maji, na kwa hiyo maji ya bomba yanatosha kuizimua, iwe ya chapa yoyote. Ukweli ni kwamba neno akriliki hutaja gundi inayoishikisha rangi, si kimiminika kinachoibeba. Vallejo Model Color ni chembe ndogo mno za akriliki zilizotawanywa katika maji, na ukiizimua kwa spiriti, chembe hizo hushikana na kuwa mabonge kama maziwa yaliyokatika. Rangi ya akriliki ya chapa ya Tamiya ina alkoholi ndani yake. Hukubali maji, lakini hutulia vizuri zaidi kwa alkoholi ya isopropili au kwa thina yake yenyewe, X-20A. Kabla ya kumimina chochote kwenye kichupa, changanya matone mawili matatu juu ya kifuniko kwanza.

Dhana ya pili ndiyo inayotusumbua zaidi sisi wa Dodoma: kwamba rangi ikiziba sindano ya brashi ya hewa, yaani kifaa cha kupulizia rangi, basi ni nzito na inahitaji maji zaidi. Agosti moja, saa nane mchana, nilikuwa nikipuliza rangi kwenye Land Rover ya kipimo cha 1:35. Haikupita dakika moja, ncha ya sindano ikafanya ukoko na rangi ikaanza kutoka kama vumbi. Niliongeza maji mara tatu, hadi rangi ikachuruzika chini ya milango na kuziacha ribiti zikiwa tupu. Kumbe haikuwa nzito. Ilikuwa ikikauka kabla ya kutoka, kwa kuwa kiangazi chetu kina hewa kavu na upepo usiokoma. Dawa yake ni tone moja au mawili ya kichelewesha ukaukaji, kuifuta ncha mara kwa mara kwa brashi yenye unyevu, na kufanya kazi alfajiri kabla upepo haujaamka. Kichelewesha kikizidi, rangi hubaki ikinata.

Hata pale maji yanapofaa, si kila maji yanafaa. Maji ya visima vya ukanda huu mara nyingi yana chumvi, na chumvi hiyo huweza kuacha ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi isiyong'aa. Maji ya betri yaliyotoneshwa, yanayouzwa vituo vya mafuta, ni bora zaidi, mradi uhakikishe kwamba si asidi.

Wapo pia wanaotafuta uwiano mmoja wa kudumu. Mimi siuamini, kwa sababu kila kichupa kina uzito wake. Tikisa kikombe cha rangi: rangi iliyozimuliwa sawasawa huteleza kwenye ukuta wa kikombe polepole kama maziwa na kuacha utando mwembamba.

Thina ya rangi za magari huyeyusha polistirini, plastiki ya modeli hizi, na sanitaiza ya jeli ina vitu vya kuifanya iwe nzito vinavyobaki ndani ya rangi. Zote mbili ziache. Rangi kukosa harufu kali hakumaanishi kwamba ukungu wake inapopulizwa ni salama kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa yenye chujio. Mwisho, rangi inayoonekana kavu kwa kidole haijakomaa bado: iache ilale usiku kucha kabla ya kubandika utepe wa kufunikia, la sivyo utepe utabanduka nayo.